Sensa Haikuiba Mafuta

Kijana aliyekuwa anaendesha gari la mama alifukuzwa kazi kwa kosa la kusema kweli. Nilikuwepo sebuleni siku hiyo na sikufungua mdomo.

Gari lenyewe ni Toyota ndogo ya mtumba kutoka Japani, injini ya 1NZ-FE, cc 1,500, aina ambayo ukisimama kwenye foleni ya Mwenge unaweza kuzihesabu mpaka uchoke. Mama aliinunua kwa kiinua mgongo chake baada ya kustaafu ualimu. Makubaliano yalikuwa yale yale ya mji huu: kijana analeta hesabu ya shilingi 25,000 kila siku, siku sita kwa wiki, mafuta ni juu yake, matengenezo ni juu ya mama. Kinachobaki ndicho chake. Kwa miezi mingi hesabu iliingia bila kusukumana. Halafu ikaanza kupungua: leo 20,000, kesho 15,000, keshokutwa simu haipokelewi mpaka saa nne usiku.

"Mama, shikamoo," alikuwa akisema akiwa amesimama mlangoni na viatu mkononi. "Mama, mimi sikudanganyi. Hii gari inakunywa."

Mama alifundisha darasa la tano kwa zaidi ya miaka ishirini na anaamini anaujua uongo kwa kuusikia tu. Na ni kweli kwamba kila dereva wa hesabu Dar es Salaam ameshawahi kusema gari linakula mafuta, kama ambavyo kila mwanafunzi ameshawahi kufiwa na bibi siku ya mtihani. Lakini mama ni mtu wa haki, kwa hiyo kabla ya kuhukumu alilipeleka gari gereji. Siandiki haya kulalamikia gereji moja, jina lake halina maana, kwa sababu nimeshakutana na gereji ile ile kwenye mitaa saba tofauti. Ninaandika juu ya tabia.

Tabia yenyewe iko hivi. Unafika. Kijana mwenye ovaroli safi anachomeka mashine chini ya usukani. Dakika mbili baadaye anakuonyesha kioo chenye maandishi ya Kiingereza. Kwetu yaliandikwa P0172. Anakuambia, kwa sauti ya daktari anayesoma majibu ya maabara, kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Unalipa 30,000 ya kupimiwa. Unalipa 90,000 ya sensa ya mtumba iliyotoka Gerezani. Wiki mbili baadaye taa imewaka tena, unarudi, anasema sasa ni sensa ya hewa, ile wanayoiita ea flo: 120,000. Halafu plagi nne, 60,000. Halafu kusafisha nozeli, 40,000. Ziara ya mwisho walitaka kutoa masega kwenye ekzosi, kwamba yanabana pumzi. Mama akasema hapana, si kwa sababu za kiufundi, ila kwa sababu pesa zilikuwa zimeisha.

Hapo ndipo kijana alipoondoka. Mashine imeshasema, sensa zimeshabadilishwa, plagi ni mpya. Kama gari halina kasoro tena na bado hesabu haitimii, mwenye kasoro ni mtu. Mama hakumwita mwizi. Alimwambia tu, "Mwanangu, acha funguo hapo mezani." Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya pesa: kazi mbovu ya gereji haikuishia kwenye injini. Iligeuka ushahidi dhidi ya mtu ambaye hakuwepo wakati inafanywa.

P0172 haisemi "sensa ya oksijeni imekufa". Inasema mchanganyiko una mafuta mengi mno. Basi. Ni maelezo ya tatizo, na hayamtaji mhalifu. Injini ya petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Sensa ya oksijeni imekaa kwenye bomba la moshi, inanusa kilichobaki baada ya moto, na kuripoti kwa kontroli boksi: mafuta yamezidi, mafuta yamepungua. Bosch waliianzisha kwenye magari ya Volvo mwaka 1976, na mpaka leo kazi yake haijabadilika sana. Sasa fikiria mlinzi anayepiga filimbi kwamba ghala linaungua. Sisi tunakuja mbio, tunamkamata mlinzi, tunaajiri mlinzi mwingine, na yeye anapiga filimbi ile ile, kwa sababu ghala bado linaungua.

Vitabu vya mafundi vya Toyota vinatoa orodha ndefu ya watuhumiwa kwa msimbo huo: nozeli inayovuja, presha ya mafuta, mfumo wa kuwasha, sensa ya hewa, sensa ya joto la maji, ekzosi inayovuja. Sensa ya oksijeni imo, ndiyo, kama mmoja kati ya wengi. Ukichagua jina moja kwenye orodha hiyo bila kupima chochote, umepiga kura, hujapima.

(Kiswahili kina utani wake hapa. Sensa ni kile kifaa, na sensa ni ile hesabu ya watu tuliyofanya mwaka 2022. Katika hesabu ile hakuna karani aliyebadilisha kaya kwa sababu hakuipenda idadi yake.)

Baada ya kijana kuondoka gari likaja kwangu, nililitumia kwenda kazini. Wiki ya kwanza nilidhani kituo cha mafuta kinanipunja. Wiki ya pili nilifanya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya katika miezi minne ya kelele: nilijaza tangi mpaka pampu ikakata yenyewe, nikaanzisha hesabu ya kilomita upya, nikaendesha, nikarudi pampu ile ile nikajaza tena mpaka ikakata. Nikagawanya. Kilomita 8 na kidogo kwa lita. Petroli ilikuwa imeshapita shilingi 3,000. Siku hizo ulikuwa unaisubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotangaza bei mpya, kama mtu anayesubiri hukumu.

Siku hiyo nikitafuta risiti kwenye droo ya dashibodi nilikuta daftari. Daftari dogo la kurasa 48, limefungwa kwa mpira. Kijana alikuwa anaandika. Tarehe, lita, kilomita, kila siku, kwa mwandiko wa kubana. Mwezi Machi: lita 10, kilomita 118. Lita 10, kilomita 121. Halafu mstari mmoja umeandikwa "gereji, imechemsha". Baada ya mstari huo: lita 10, kilomita 104. Wiki tatu mbele: lita 10, kilomita 91. Kisha 83. Kisha 83 tena, na pembeni ameandika: "sailensa juu hata mchana."

Alikuwa amefanya uchunguzi mzima. Alikuwa na tarehe ya kuanza kwa ugonjwa, tukio lililotangulia, kasi ya kuongezeka kwake na dalili ya pili. Hakuna mashine ya dakika mbili inayoweza kukupa hayo. Nilipiga hesabu. Kwa mizunguko yake ya kilomita 120 kwa siku, tofauti kati ya kilomita 11.8 na 8.3 kwa lita ni zaidi ya lita 4, karibu shilingi 13,000. Nusu ya hesabu. Kila siku alikuwa anailipa injini ya mama yangu kutoka mfukoni mwake, halafu jioni anasimama mlangoni na viatu mkononi kueleza kwa nini.

Nililipeleka daftari, pamoja na gari, kwa mzee mmoja wa Tabata ambaye alimtengenezea marehemu baba pikapu. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza habari za sensa. Akanyoosha mkono. "Mwanangu, lilianza lini?" Miezi minne, gereji mara nne, swali hilo halikuwahi kuulizwa. Nikampa daftari. Alivaa miwani akasoma kurasa zote, akarudi kwenye ule mstari wa kuchemsha, akagonga karatasi kwa kidole. "Hapa ndipo alipoguswa."

Naye ana mashine, kuukuu kuliko ile ya kijana wa ovaroli. Lakini hakuitumia kuuliza msimbo. Aliniendesha mpaka Segerea na kurudi, kama dakika arobaini, mashine ikionyesha namba zinavyotembea. Sensa ya hewa, gari likiwa sailensa: kama gramu 2 kwa sekunde, kawaida kwa injini hiyo. Masahihisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza ili kurudisha mizani: 17 chini ya sifuri. Yaani boksi lenyewe lilikuwa linajua kwamba linamwaga na linajitahidi kupunguza. Na joto la maji: nyuzi 47.

"Dar es Salaam hii, saa saba mchana, dakika arobaini," akasema. "Nyuzi arobaini na saba. Maji ya kuogea mtoto."

Injini hiyo inatakiwa itembee kwenye nyuzi 80 na kitu. Na hapa ndipo kazi ya kufikiri inapoanza, kwa sababu 47 inaweza kuwa na maana mbili: sensa ya joto inadanganya, au injini kweli ni baridi. Mzee alichukua kipimajoto cha bastola, ndugu wa kile tulichokuwa tunaelekezewa pajini milangoni wakati wa korona, akakielekeza kwenye bomba jeusi la mpira linalotoka kwenye injini. Si kwenye aluminiamu, alinionya, chuma kinachong'aa kinakidanganya. Kikasoma 68. Kumbe majibu yalikuwa yote mawili. Injini ilikuwa baridi kuliko inavyotakiwa, na juu ya hapo taarifa iliyofika kwenye boksi ilikuwa baridi zaidi ya ukweli.

Akafungua nyumba ya thamostati. Tupu. Siku gari lilipochemsha mtu aliitoa, akafunga, akaunganisha feni moja kwa moja iwe inazunguka muda wote, akaosha injini kwa maji ya presha ili ipendeze, akampa mama funguo. Akachomoa soketi ya sensa ya joto: pini zimeota ukijani. Yale maji ya presha. Sensa yenyewe aliizamisha kwenye sufuria ya maji ya moto, akaipima kwa multimita, ukinzani ukashuka taratibu kadiri joto lilivyopanda, kama kitabu kinavyosema. Nzima kabisa. Iliyokuwa inapotosha ni kutu kwenye soketi, iliyoongeza ukinzani wake juu ya ule wa sensa, na boksi likasoma ubaridi. Hata sensa hii, ya pekee iliyokuwa na sababu ya kushukiwa, haikuwa na hatia.

Kwa nini mashine ya gereji haikuona? Kwa sababu kontroli boksi huandika kosa la sensa ya joto pale umeme unapotoka nje ya kinachowezekana, waya ukikatika kwa mfano, ikasoma baridi ya barafu kali. Nyuzi 47 zinawezekana. Uongo unaowezekana hauwashi taa. Boksi liliuamini, likafanya kilicho sahihi kwa injini baridi: likaongeza mafuta, likapandisha sailensa. Na gia boksi nyingi za otomatiki hazikubali kufunga gia ya juu kikamilifu mpaka injini ipate moto, kwa hiyo barabara nzima ya Mandela unaipita injini ikinguruma juu kuliko inavyohitaji. Vijiko vidogo vidogo vya mafuta, kutwa nzima.

Sasa niseme juu ya thamostati, kwa sababu hili ni jambo la nchi nzima. Fundi ukimuuliza kwa nini ameitoa atakujibu: hii ni nchi ya joto, hicho ni kitu cha Wazungu na theluji yao. Nimeisikia sentensi hiyo kwa watu wenye digrii. Hewa ya Dar ni nyuzi 30 na kidogo. Thamostati ya injini hii hufunguka kwenye 80 na kitu. Kwa injini, tofauti kati yetu na Ulaya ni kwamba yetu inaanza safari karibu kidogo na pale inapotakiwa kufika. Haiko pale. Ninaelewa tabia hii ilikotoka: rejeta zilizojaa kutu kwa kumiminiwa maji ya bomba badala ya kulanti, thamostati iliyoganda ikiwa imefunga, gari limechemsha Chalinze usiku na duka la spea liko kilomita mia mbali. Hapo itoe, ufike nyumbani. Lakini kitu kilichotolewa kwa dharura kinarudishwa. Sisi tumeigeuza dharura kuwa elimu na kuifundisha vijana wa gereji kama kanuni.

Najua fundi ana jibu, na jibu lake ni zito. Nilimuuliza mzee kwa nini wenzake hawafanyi alivyofanya yeye. Alicheka. "Nikikuambia nimekaa na gari lako saa tatu nikifikiria, utanilipa shilingi ngapi?" Nilinyamaza. Tunalipa 90,000 ya sensa bila kupepesa macho kwa sababu inashikika mkononi, iko kwenye boksi, ina risiti. Ukiambiwa 50,000 ni ya kutafuta tu tatizo, unaona umeibiwa. Utasikia mtu anasema "kwani umeweka nini?" Kwa hiyo fundi anayetaka kula anajifunza kwamba kichwa chake hakiuziki, kinachouzika ni kipuri. Anapobahatisha anafuata bei tuliyoiweka sisi.

Na sisi tuliosoma ndio wabaya zaidi. Mama angempeleka yule kijana wa ovaroli kwa mganga wa ramli, ningemcheka. Lakini kwa sababu ramli ile ilikuwa na kioo na Kiingereza, mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia mama, "Wamepima kwa mashine, mama, hawa ni wa kisasa." Nilitamka maneno hayo. Nina shahada ya takwimu. Dereva aliyeishia kidato cha pili alikuwa anakusanya data kwa mwezi wa tatu mfululizo, na mwenye shahada alikuwa anaheshimu kioo.

Wapo watakaosema suluhisho ni kila mtu anunue kile kifaa kidogo cha bluetooth, apime mwenyewe kwa simu. Kinunue, ni rahisi, kitakuonyesha namba zikitembea (ingawa magari mengi ya soko la Japani ya miaka ile hayakutengenezwa kwa kufuata mfumo wa Marekani, na kifaa kinaweza kugoma kabisa kuunganika). Lakini usipojua kuuliza "47 kwa sababu gani?" utakuwa umehamisha ramli kutoka gereji kwenda mfukoni mwako.

Bili ya mzee: thamostati 35,000, soketi 10,000, kulanti 30,000, kazi 60,000 ambayo mimi ndiye niliyeipandisha kutoka 40,000. Feni ikarudishiwa swichi yake. Ile sensa ya oksijeni ya zamani, iliyotangazwa kufa, ilikuwa bado kwenye buti ndani ya mfuko wa Rambo uliobaki tangu enzi zile. Tuliirudisha kwa kutaka kujua tu. Ikapanda mpaka karibu volti 0.9, ikashuka mpaka 0.1, ikapanda tena, haraka, kama inavyotakiwa. Iko kwenye gari mpaka leo. Tangi lililofuata lilinipa kilomita 11.6 kwa lita.

Nilimwonyesha mama daftari. Alilisoma kama anavyosahihisha, kidole kikitembea chini ya kila mstari, na alipofika kwenye 83 ya pili akalifunga, akaenda kuangalia maharage ambayo hayakuwa jikoni.

Jioni nilimpigia kijana simu. Siku hizi anaendesha bajaji ya mtu Mbagala. Nilimweleza yote, thamostati, soketi, ukijani, maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Alisikiliza. Nyuma yake nilisikia kondakta anaita abiria wa Rangi Tatu.

"Kwa hiyo mama anajua, dada?"

Nikamwambia anajua.

"Sawa," akasema. Halafu akauliza kama lile daftari bado lipo, kwa sababu kurasa za nyuma kuna namba za wateja wake wa Kigamboni, na amezitafuta sana.